Karatasi Tatu Katika Bahasha ya Kaki

Mistari ilikuwa miwili. Mmoja ulikaa mbele ya herufi C, umekolea. Wa pili ulikaa mbele ya herufi T, hafifu, kama wa kalamu inayoishiwa na wino. Mzee alikuwa amekipiga picha kipimo kile kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, na kila alipotaka kunionyesha ilibidi aikinge kwa kiganja ili jua la Kipsing lisiifute picha. Tulikuwa tumeketi chini ya mgunga, nyuma ya duka linalouza chumvi ya mifugo na kamba. Mkewe alikuwa hatua chache kutoka kwetu, ametugeuzia mgongo, lakini nilijua anasikiliza.

“Nilimeza dawa siku 84, sikuruka hata moja,” mzee akaniambia. “Nairobi wakasema nimepona. Sasa kambi ya matibabu imekuja hapa, wamenitoboa kidole, wanasema bado ninao. Kijana wangu, wewe unaandika gazetini. Nani kati yao ananidanganya?”

Hakuna aliyemdanganya. Hospitali ilisema kweli, na waliompima Kipsing nao walikisoma kipimo chao sawasawa. Kilichokosekana ni maneno machache siku alipoambiwa amepona: kwamba kipimo kile cha kidole kitaendelea kuonyesha mistari miwili maisha yake yote, na kwamba mistari hiyo haisemi kuwa virusi vimerudi. Kwa kukosa maneno hayo mzee alikaa wiki tatu bila usingizi, mkewe akaanza kumtengea kikombe chake peke yake, na mbuzi wanne wakauzwa kwa bei ya kutupa ili zipatikane pesa za dawa ambazo hakuzihitaji.

Mzee huyu, ambaye ameniomba nisimtaje jina, ni mchuuzi wa mbuzi. Aligundua ana homa ya ini aina ya C alipokwenda kuchangia damu kwa ajili ya shemeji yake aliyejifungua kwa upasuaji. Damu inayochangwa nchini Kenya hupimwa magonjwa manne kabla ya kutiwa mgonjwa: virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Siku chache baadaye alipigiwa simu arudi. Alidhani wanataka damu zaidi.

Kwao Kipsing ni katika wadi ya Oldonyiro, magharibi ya mji wa Isiolo, kwenye nchi ya migunga na laga, mito ya mchanga inayojaa mvua ikinyesha, ambako Wasamburu na Waturkana huchunga mifugo yao. Katika ramani za mradi wa miundombinu wa LAPSSET, uliozinduliwa mwaka 2012, jina hili linahusishwa na jiji la kitalii ambalo serikali ilipanga kulijenga kwenye Pengo la Kipsing. Kwa sasa kuna maduka, shule na zahanati, na anayetaka kipimo cha damu cha kina hupanda lori au pikipiki kwenda mjini, laga zikimruhusu.

Kaunti ya Isiolo ina sababu yake ya kuogopa ugonjwa wowote wa ini. Machi 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya manjano katika kaunti hii. Watu walikufa, chanjo zikaletwa, na tangu hapo homa ya manjano na homa ya ini zimechanganyika vinywani mwa watu. Ya manjano huletwa na mbu, humaliza kazi yake kwa siku chache, iwe ni kupona au kuua, na ina chanjo. Homa ya ini C huingia kwa damu: sindano iliyorudiwa, wembe wa kushirikiana, kifaa cha kung'olea meno kisichotakaswa, damu isiyopimwa. Chanjo haina. Inaweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 huku ini likiharibika kimyakimya. Mzee hakuwahi kuwa na macho ya manjano hata siku moja, na hajui aliupata wapi. Sikumchimba. Ukiishi miaka zaidi ya 50 umechomwa sindano nyingi na umenyolewa kwa nyembe nyingi.

Alikuwa amebeba bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ndani yake mlikuwa na karatasi tatu. Nilimwomba azitandaze juu ya kigoda, na tukaziwekea mawe zisipeperuke.

Ya kwanza ilikuwa ya kambi, na iliandikwa “HCV Ab: POSITIVE”. Herufi hizo mbili, Ab, ndizo kiini cha mkasa wote. Maana yake ni kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huziunda unapovamiwa na kirusi. Kipimo cha kidole hutafuta silaha hizo, hakimtafuti adui. Nilimuuliza mzee: ukiamka asubuhi ukaona nyayo za fisi kando ya boma, unajua nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. “Najua alipita.” Na je, yuko? “Hiyo ni mpaka nimtafute.” Basi kipimo kile ni nyayo. Virusi viondoke kwa dawa, au viondoke vyenyewe kama inavyotokea kwa watu 15 hadi 45 katika kila 100 ndani ya miezi sita ya mwanzo, nyayo hubaki.

Anayetaka kumtafuta fisi mwenyewe hupimwa RNA, yaani chembe za urithi za kirusi ndani ya damu. Ndicho kipimo kinachopaswa kufuata kila mara kile cha kidole kinapoonyesha mistari miwili, kwa mtu aliyetibiwa na kwa ambaye hajawahi kutibiwa. Katika nchi kama yetu, ambako wataalamu hukadiria kwamba wenye homa ya ini C ni chini ya mtu mmoja katika kila 100, jambo hili lina uzito wa pekee. Tuchukue mfano. Umepima watu 1,000 na wenye kirusi kweli ni watano. Kipimo kikiwa kizuri kiasi cha kukosea kwa mtu mmoja tu katika kila 100 wasio na kirusi, kitawatia hofu watu 10 wazima pamoja na wale watano wagonjwa. Maana yake, wengi wa walioambiwa “unao” hawana. Kambi inayopima kwa kidole na kuondoka bila kuacha njia ya kufikia kipimo cha RNA huacha majonzi nyuma yake, hata kama wahudumu wake walikuwa na nia njema, na naamini walikuwa nayo.

Karatasi ya pili ndiyo iliyoletwa kutoka Nairobi. Imeandikwa “HCV RNA: NOT DETECTED”, na tarehe yake ni wiki 12 tangu kidonge cha mwisho. Nilimwonyesha mzee maneno hayo kwa ncha ya kidole. Alikuwa akitembea nayo mwaka mzima.

Hapo mkewe akageuka. “Hata wa UKIMWI huandikiwa hivyo,” akasema. “Dada yangu ameandikiwa virusi havionekani, na bado anameza dawa kila siku. Huyu ameacha dawa. Si ndiyo maana vimerudi?”

Nilifurahi kwamba aliuliza, kwa sababu ni swali la mtu aliyefikiri. Kenya imejifunza lugha ya wingi wa virusi kupitia UKIMWI, na lugha hiyo ikihamishwa bila maelezo inapotosha. Kirusi cha UKIMWI hujipandikiza ndani ya urithi wa chembe zetu wenyewe; dawa hukilaza usingizi, zikikatizwa huamka. Cha homa ya ini B nacho huacha maskani yake ndani ya chembe za ini, ndiyo maana wengi wenye B wanaohitaji dawa huzimeza miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Cha C hakina maficho ya namna hiyo. Huishi kwa kujinakili muda wote, na dawa zikizuia kunakili kwa wiki 12 hakibaki popote. Kwa hiyo maneno yale yale, “havionekani”, kwenye karatasi ya dadake mama yanamaanisha dawa zinafanya kazi, endelea. Kwenye karatasi ya mumewe, zikiwa zimepita wiki 12 bila dawa, yanamaanisha kirusi kimekwisha.

Wiki 12 hazikuchaguliwa kiholela. Siku ya kumeza kidonge cha mwisho karibu kila mtu huonekana safi, hata yule ambaye kirusi kitamrudia. Kikiwa kitarudi, huwa kimerudi ndani ya wiki chache. Aliyevuka miezi mitatu bila dawa na bila kirusi amepona. Wanaorudiwa baada ya hapo bila kuambukizwa upya hawafiki mmoja katika 100. Anayekimbilia maabara wiki moja baada ya kumaliza dawa anapoteza pesa, kwa kuwa jibu lolote atakalopata halitamtosha.

Kuna jibu jingine ambalo huwababaisha watu. Maabara nyingine huandika kwamba virusi vimeonekana lakini ni chini ya kiwango kinachoweza kuhesabika, kwa mfano chini ya 10 au chini ya 15. Hilo si sawa na “havikuonekana”, na wala si hukumu ya kuugua. Ni jibu la katikati. Hupimwa tena baada ya wiki kadhaa, na mara nyingi safari ya pili hakionekani kitu.

Nilimwambia mzee: umepona virusi, na wala hukuhitaji kupimwa kwa kidole tena. Mtu akikupima, mwonyeshe karatasi hii ya pili kwanza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia mkewe kitu kwa Kisamburu, na mama akaenda kuleta chai. Vikombe vilikuwa vitatu vinavyofanana.

Kama ningekuwa na uwezo wa kuagiza jambo moja tu, kila mgonjwa anayemaliza dawa hizi angeandikiwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, chini ya karatasi yake ya RNA: kipimo cha kingamwili kitabaki chanya, usikirudie, ukihitaji kupimwa tena, omba RNA. Mihuri na saini zote zingeweza kungoja, maneno hayo yasingoje.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa naikunja bahasha niliposoma karatasi ya tatu, ambayo mzee alikuwa ameitumia kufungia kidonge cha kutuliza maumivu. Ilikuwa ya vipimo vya kabla ya kuanza dawa: vimeng'enya vya ini, hesabu ya damu, maelezo ya altrasaundi kwamba uso wa ini ulikuwa na mabonde. Chini, kwa mwandiko wa haraka wa daktari, kulikuwa na “U/S 6/12”.

“Hiyo ni tarehe 6 Desemba,” akasema binti yao aliye sekondari, ambaye alikuwa ameungana nasi. “Baba aliambiwa ni ya kliniki. Laga ilijaa wiki hiyo, hakwenda. Basi tukajua imepita.”

Haikuwa tarehe. Madaktari wetu huandika siku juu ya 7, wiki juu ya 52 na miezi juu ya 12. Sita juu ya 12 ni miezi sita. Daktari alikuwa ameagiza altrasaundi kila baada ya miezi sita, na familia hii ilikuwa imesoma siku moja iliyopita bure.

Wachungaji ndio watu rahisi kuliko wote kuwaeleza habari za maini, kwa sababu wameyashika. Mzee amechinja mbuzi wasiohesabika. Anajua ini zima ni laini na linateleza, na anajua ini la mbuzi aliyeliwa na minyoo ya ini: gumu, lenye kamba nyeupe, kisu hukwama. Kamba hizo ni makovu. Virusi vya C hufanya vivyo hivyo kwa binadamu kwa miaka mingi. Dawa hukiondoa kirusi na kusimamisha uharibifu, na ini, kiungo chenye subira ya ajabu, huweza kujirekebisha kwa kiasi kikubwa. Lakini penye makovu mengi, yale madaktari wanayoita sirosisi, hatari ya saratani ya ini hupungua sana bila kwisha. Mtu wa namna hiyo anapona ugonjwa huku akiendelea kuwa mtu wa kuangaliwa.

Namna ya kujua kama wewe ni wa kundi hilo haihitaji mashine ya mamilioni. Kuna hesabu iitwayo FIB-4. Unachukua umri, unauzidisha kwa kimeng'enya cha AST. Pembeni unachukua hesabu ya chembe sahani, ambazo maabara huandika pleteleti, unaizidisha kwa kipeuo cha pili cha kimeng'enya cha ALT. Kisha unagawa ya kwanza kwa ya pili. Binti alitoa daftari la hisabati akaiandika nyuma. Umri wa wakati ule 54, AST 80: 4,320. Pleteleti 96, ALT 64 ambayo kipeuo chake ni 8: 768. Akagawa kwa mkono, hakutaka simu. “Tano nukta sita,” akasema.

Chini ya 1.45, makovu makubwa si rahisi kuwapo. Juu ya 3.25, yanashukiwa sana. Katikati, vinahitajika vipimo vingine. Hesabu hii huweza kupotoshwa na mambo ya kwetu: malaria hushusha pleteleti, na kala-azar, ambayo Isiolo inaijua vizuri, huvimbisha bandama, nayo bandama iliyovimba huzikamata chembe hizo. Ndiyo sababu picha ya altrasaundi ilihitajika, na kwa mzee picha na hesabu zilisema jambo moja.

Lililonishtua zaidi ni hili, na nalieleza kwa wote waliotibiwa wakafurahi: kinachoamua kama utafuatiliwa ni hali ya ini kabla ya dawa. Baada ya virusi kuondoka, vimeng'enya hushuka, hesabu hupendeza, na mtu mwenye makovu huonekana kama hana. Ukifanya FIB-4 leo ukapata nambari ndogo, usiitumie kufuta ile ya zamani. Karatasi ya kabla ya matibabu ndiyo ya kutunzwa kama hati ya shamba. Kwa mzee, ile iliyomtia hofu wiki tatu haikuwa na uzito wowote, na ile iliyobeba maisha yake ilikuwa imefungia kidonge.

Waliokuwa na makovu madogo au hawakuwa nayo kabisa hufunga ukurasa hapo, wakabaki na uangalifu wa kawaida. Wenye sirosisi huenda altrasaundi kila miezi sita, mara nyingine pamoja na kipimo cha damu kiitwacho AFP. Miezi sita, kwa sababu uvimbe unaoanza leo, ukigunduliwa ndani ya muda huo, mara nyingi bado ni mdogo wa kukatwa au kuunguzwa. Ukiachwa miaka miwili hadithi huwa nyingine. Mwenye pleteleti kidogo kama mzee aulizie pia kuangaliwa mishipa ya umio kwa kamera, maana damu inayokosa njia kwenye ini gumu huivimbisha mishipa hiyo, na ikipasuka huua kabla lori halijafika mjini.

Nyumbani nako kuna ya kufanya. Pombe iachwe, na kwa mwenye makovu iachwe yote, hata ile ya sherehe. Dawa za mitishamba ziogopwe kwa kadiri mtu asivyojua kilichomo, maana kila kitu unachokunywa ini hulazimika kukishughulikia. Mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe, wala yasisagwe ili kuficha harufu. Mwaka 2004, Makueni na Kitui zikiwa zimeathirika zaidi, sumukuvu iliua watu 125 nchini, na hata kwa kiasi kidogo cha kila siku sumu hiyo ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya ini. Na homa ya ini B ipimwe. Inapaswa kupimwa kabla ya kuanza dawa za C, kwa kuwa C ikiondoka B iliyokuwa imelala inaweza kuamka kwa ukali. Asiye nayo achanjwe. Watoto wetu hupata chanjo hiyo wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini watu wa rika la mzee hawakuipata utotoni.

Mama aliuliza kuhusu yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini. Nilimwambia apimwe mara moja, kwa utulivu. Maambukizi kati ya mume na mke ni nadra, na kikombe, sahani au kulala kitanda kimoja havileti ugonjwa huu. Wembe na mswaki tu ndivyo vitengwe. Alikwisha kupimwa tayari, kumbe, siku ile ile ya kambi. Mstari mmoja. Hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu aliona haya kuwa mzima wakati mumewe anaumwa.

Wapo ambao karatasi yao ya wiki 12 inasema kirusi kipo. Ni wachache, kwa kuwa dawa za sasa, kama sofosbuvir ikiunganishwa na daclatasvir au velpatasvir, huponya zaidi ya watu 95 katika 100. Lakini Afrika Mashariki ina somo lake. Kigali, watafiti waliwatibu watu 300 kwa sofosbuvir na ledipasvir, wakachapisha matokeo mwaka 2019: walipona 261. Walipochunguza walioshindwa, waligundua wengi walikuwa na aina ndogo ya kirusi iitwayo 4r, ambayo kwa maumbile yake hupunguza makali ya nusu moja ya mchanganyiko ule; kati ya wagonjwa 48 wa aina hiyo walipona 27 tu. Hawakuwa wamekosea kumeza. Nasisitiza hilo kwa sababu mgonjwa ambaye dawa imemshinda huulizwa kwanza, “Uliruka siku ngapi?” na mara nyingine jibu la kweli ni sifuri. Kuna mchanganyiko wa dawa tatu, sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir, uliotengenezwa kwa ajili ya walioshindwa, na unaponya walio wengi. Kazi kubwa ni kumfikia daktari anayeweza kuuagiza.

Wengine walipona, kisha wakaambukizwa upya, kwa sababu kupona C hakumkingi mtu. Huko Pwani na Nairobi, miongoni mwa wanaojidunga heroini, ambako kirusi hiki kimeenea kuliko kwingine Kenya, aliyepona anapaswa kupimwa RNA mara kwa mara na kupewa sindano safi bila masharti. Akirudiwa atibiwe tena. Sioni ubishi wowote hapo.

Jambo jingine linawahusu vijana wa Isiolo wanaotafuta kazi Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba. Uchunguzi wa afya wa kabla ya viza hupima kingamwili za homa ya ini C, na anayekutwa chanya huandikiwa kwamba hafai. Aliyepona atakuwa chanya. Kabla ya kumlipa wakala yeyote, kijana wa namna hiyo aulize kwa maandishi kama karatasi ya RNA itakubaliwa, maana wakala hupenda kusema “tutaongea nao” mpaka pesa zimeshaliwa. Na kwenye kuchangia damu mlango umefungwa kwa sababu hiyo hiyo: chupa yenye kingamwili hutupwa. Mzee aliumia aliposikia hilo kuliko yote. Damu aliyokwenda kuitoa ilikuwa ya shemeji yake, na alikuwa amejiahidi kurudi.

Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989, na waliofungua njia, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mwaka 2013 sofosbuvir ilipoingia sokoni Marekani, wiki 12 ziligharimu dola 84,000. Leo, kwa mikataba ya dawa zisizo na jina la kibiashara, tiba ya muda huo huo imeshuka hadi takriban dola 60 kwa baadhi ya nchi maskini. Misri, iliyosambaza kirusi bila kujua kwa sindano za kampeni ya kichocho kati ya miaka ya 1950 na 1980, ilianza mwaka 2018 kupima makumi ya mamilioni ya watu, ikawatibu waliokutwa na kirusi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwamba imeshusha maambukizi kutoka watu 10 katika 100 hadi chini ya mmoja.

Naitaja Misri kwa sababu ya jambo moja wanalopaswa kulisoma wanaopanga kambi za afya kaskazini mwa Kenya: waliokutwa chanya kwa kidole walikuwa na mahali pa kwenda kwa kipimo cha pili. Mashine za GeneXpert, tunazozitumia kupima kifua kikuu katika hospitali zetu za kaunti, zina uwezo wa kuhesabu virusi vya C kwa muda usiozidi saa mbili. Kinachohitajika ni katriji yake, mtu wa kusafirisha sampuli, na mtu wa kurudisha jibu mpaka Kipsing akalieleza kwa lugha ambayo mama na mzee wanaielewa. Wahudumu wa afya ya jamii wapo, wanatembea manyatta kwa manyatta na mifuko yao. Wafundishwe kutofautisha Ab na RNA. Ni somo la asubuhi moja.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Kipsing tena. Binti alikuwa ameandika ukutani, kwa makaa, miezi ya altrasaundi mpaka mwaka 2030, miwili kila mwaka. Mzee alikuwa amesimama kando ya barabara kabla ya mapambazuko, akingoja lori la Isiolo, karatasi ya tatu imenyooshwa ndani ya kitabu ili isikunjike tena. Alikuwa ameambiwa asile kitu tangu usiku ili picha itoke vizuri, na njaa ilikuwa imemwanza. Mama alikuwa ameshika chupa ya chai ya maziwa, ya kunywewa wakitoka, na vikombe viwili.